Fedha za kujenga zipo, za kutengeneza hazipo: kwa nini mali za halmashauri huchakaa mapema

Kila masika yakikolea, swali lilelile hurudi kwenye mikutano ya kijiji, vikao vya madiwani na makundi ya WhatsApp ya kata: kama yalipatikana mamilioni ya kujenga zahanati, inakuwaje inakosekana laki tano ya kuziba paa lake? Ni swali la haki. Majibu mawili hutolewa haraka, "hakuna fedha" na "zimeliwa", na yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini hata ukiyajumlisha hayatoshi. Zipo zahanati ambazo hakuna aliyeiba hata msumari wake, na zinavuja. Zipo halmashauri zenye makusanyo mazuri, na stendi zao zimejaa madimbwi.

Nitalifumbua fundo hili kwa mifano ya Tanzania Bara, nikichungulia Kenya mara moja, na nitaanza na maneno yenyewe, maana nusu ya ubishi wetu hutokana na watu wawili kutumia neno moja kwa maana mbili.

Mali ya miundombinu ni kitu kilichojengwa au kusimikwa ili kitoe huduma kwa miaka mingi: darasa, kalavati, kisima na pampu yake, soko, machinjio, choo cha stendi, taa ya barabarani, dampo. Kusimamia mali hizo si kuzilinda zisiibiwe tu. Ni kujua una nini, kiko wapi, kiko katika hali gani, kitakula fedha kiasi gani mpaka mwisho wa uhai wake, na nani anawajibika nacho. Tukiongeza neno "uendelevu", tunamaanisha huduma isikatike, na watoto wetu wasije wakarithi magofu pamoja na deni lililoyajenga.

Kuna maneno mengine matatu ambayo huchanganywa kila siku. Matengenezo ni kukifanya kitu kiendelee kuwa kama kilivyo: kuzibua mtaro, kubadilisha bati moja, kupaka mafuta bawaba. Ukarabati ni kukirudisha kitu kilichokwisha kushuka hadhi. Ujenzi mpya ni kuanza upya. Hayo matatu yanafuatana kama ngazi, na gharama hupanda kwa kila kidato. Anayeruka kidato cha kwanza hajaokoa fedha yoyote. Ameisogeza tu kwenye kidato cha juu, ambako bei ni kubwa zaidi.

Hesabu ya mwenye bodaboda

Kijana anayenunua pikipiki kwa shilingi milioni 3 anajua jambo ambalo bajeti nyingi za umma hulisahau: bei ya kununua si bei ya kumiliki. Kuna oili, tairi, mnyororo, pancha, bima. Anajua pia kwamba pikipiki inaisha kila siku, hata siku ambayo haijaharibika. Ikidumu miaka 3, basi inalika shilingi milioni 1 kwa mwaka, karibu 2,700 kwa siku. Asiyeweka pembeni hizo 2,700 hujiona ana faida kubwa mpaka siku pikipiki inapozimika moja kwa moja. Na anajua, kuliko kitu kingine chochote, kwamba oili isiyobadilishwa kwa wakati huua injini.

Kile kinacholika kila siku ndicho wahasibu wanakiita uchakavu. Watu wengi hudhani uchakavu ni neno la vitabuni lisilo na fedha ndani yake. Hebu tuupime.

Mwishoni mwa 2021 serikali ilitumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, zile tulizozoea kuziita fedha za UVIKO, yaani za korona. Miongoni mwa kazi zake yalijengwa madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Ilikuwa kazi kubwa, na Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza waliingia shuleni kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo wazazi wengi hawajalisahau. Darasa la sekondari lilipangiwa shilingi milioni 20. Chukua hayo 12,000 peke yake: ni shilingi bilioni 240. Tukadirie, kwa mfano tu, kwamba darasa lililojengwa vizuri huishi miaka 40. Basi kila mwaka thamani ya shilingi bilioni 6 inayeyuka kwa jua, mvua, mchwa na miguu ya wanafunzi. Hakuna anayezichukua, na hazitangazwi kwenye taarifa ya habari. Zinaondoka tu, na kama hakuna matengenezo, miaka 40 inakuwa 20 na bilioni 6 inakuwa 12.

Sasa weka hapo hesabu ya shule moja. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaenda shuleni. Shule ya wanafunzi 800 inapata hapo shilingi milioni 4.8 kwa mwaka: chaki, karatasi, mitihani, michezo, na ukarabati mdogo. Mwalimu mkuu anayeona bati limeinuka kwenye kona ya darasa si mzembe akiamua kununua karatasi za mtihani kwanza. Kuna anayemdai mtihani Ijumaa. Bati halimdai mpaka upepo uje.

Mali hii ni ya nani?

Hapa ndipo lawama nyingi hupotea njia. Mwananchi akiona shimo barabarani humtafuta diwani. Diwani naye hana greda.

Tangu Julai 2017, barabara za wilaya, yaani zile za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mtandao wake umepita kilomita 144,000. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Maji ya vijijini, tangu Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, yako kwa RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na chini yake viko vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo vijijini wengi huviita kwa kifupi CBWSO. Maji ya mijini ni ya mamlaka za maji. Kinachobaki mikononi mwa halmashauri yenyewe bado ni kingi: shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, hospitali ya wilaya, masoko, stendi, minada, machinjio, madampo, nyumba za watumishi.

Kwa mtazamo wangu mgawanyo huo ulikuwa na sababu nzuri. Greda na wahandisi waliotawanyika katika halmashauri 184 walikuwa hawatoshi popote. Lakini mgawanyo huo umeacha mapengo. Mtaro unaopita mbele ya soko ni wa TARURA, takataka zinazouziba zinatoka sokoni, ambako ni kwa halmashauri, na bomba lililopasuka ndani yake ni la mamlaka ya maji. Kila ofisi ikitazama kipande chake, mtaro unabaki umeziba na kila mmoja ana barua inayoonyesha kwamba si kazi yake. Ndiyo maana kusimamia mali huanza na jina. Mahali ambapo kitu kimeandikiwa mtu, ofisi na namba ya simu, hata kijiji kidogo hupata njia. Palipoandikwa "wote wanahusika", hakuna anayehusika.

Kwa nini kipya humshinda cha zamani

Bajeti ya halmashauri ina mafungu makubwa matatu: mishahara, matumizi mengineyo, ambayo watumishi huyaita OC, na maendeleo. Kujenga kunakaa kwenye maendeleo. Huko ndiko ruzuku za Serikali Kuu, mikopo na wafadhili huingia, na mwongozo unaitaka halmashauri nayo ipeleke huko sehemu ya mapato yake ya ndani. Matengenezo madogo hukaa kwenye OC, pamoja na mafuta ya gari, umeme, posho za vikao na wino wa mashine. Mapato yakipungua, OC ndiyo ya kwanza kukatwa. Yaani tumeweka oili ya injini kwenye mfuko uleule wa fedha za chai.

Ongeza hapo desturi yetu. Mwenge wa Uhuru ukipita, unazindua, unafungua na kuweka mawe ya msingi. Mbunge na diwani huulizwa wameleta nini kipya. Sijawahi kuona kitambaa kikikatwa kwa ajili ya mtaro uliozibuliwa, ingawa mtaro huo unaweza kuwa umeokoa barabara nzima. Siwalaumu viongozi peke yao. Sisi wapiga kura ndio tunaopiga vigelegele kwa jengo jipya, na tunapita kimya mbele ya jengo lililotunzwa.

Matokeo mengine ya desturi hiyo ni maboma. Kijiji kinachanga, ukuta unapanda hadi linta, fedha zinaisha, na boma linakaa miaka likisubiri kupauliwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimekuwa zikirudia kutaja majengo ambayo hayajakamilika na yaliyokamilika lakini hayatumiki. Ukuta usio na paa unachakaa haraka kuliko jengo lenye paa, kwa sababu mvua inaingia ndani ya tofali moja kwa moja. Kila boma ni fedha iliyoanza kuoza kabla haijatoa huduma hata siku moja.

Benki ya Dunia iliwahi kulipigia hesabu jambo hili kwa barabara za Afrika. Ripoti yake ya maendeleo ya dunia ya mwaka 1994 ilieleza kwamba dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanywa kwa wakati katika muongo uliotangulia zingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika. Dola moja kwa karibu nne. Ni hesabu ya zaidi ya miaka 30 iliyopita, na kanuni yake haijabadilika, kwa sababu maji hayajabadilika.

Maji ndiyo adui, siyo magari

Wengi huamini kwamba barabara huharibiwa na malori. Malori yanachangia, hasa yaliyozidisha uzito. Lakini muulize fundi yeyote wa barabara za vijijini na atakuonyesha mtaro. Barabara ya udongo au changarawe hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, yaingie mtaroni, yapite kwenye kalavati na kwenda zake. Mgongo ukibonyea, maji hukaa katikati, udongo hulainika, na gari la kwanza linalopita huchimba. Kalavati likiziba kwa majani na mchanga, maji hutafuta njia juu ya barabara na kuikata.

Kuzibua kalavati ni kazi ya watu wachache, majembe, makoleo na siku moja au mbili. Kujenga jipya baada ya barabara kukatika ni zege, nondo, mkandarasi, na wiki ambazo mama mjamzito hawezi kufika kituo cha afya. TARURA hugawa kazi zake katika matengenezo ya kawaida, ya sehemu korofi, ya muda maalumu, na ya madaraja na makalavati. Nikiruhusiwa kuchagua moja la kulinda bajeti yake kwa wivu, ningechagua hayo ya kawaida, ambayo hayaonekani kwenye picha.

Na lami? Kuna imani kwamba barabara ikishawekwa lami imepona. Lami ni koti la mvua. Likipasuka, maji huingia chini, hulainisha tabaka la chini, na ufa mwembamba unakuwa shimo ndani ya msimu mmoja. Ufa ukizibwa mapema, umetumia kiraka. Ukiachwa, unafumua tabaka zote. Barabara ya lami isiyo na fedha ya viraka ni ghali zaidi kuliko ya changarawe inayochongwa kila mwaka, na hilo ni jambo gumu kumwambia mtu aliyekula vumbi maisha yake yote. Ninamwelewa. Lakini ni kweli.

Fedha za matengenezo ya barabara angalau zina chanzo chake: tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kila unapojaza mafuta au kupanda daladala unachangia. Shule na zahanati hazina tozo yao.

Mvua zenyewe nazo hazifuati tena ukubwa ambao wazee wetu waliuzoea. Zile za El Niño za 2023 na 2024, kisha kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, zilionyesha kwamba kalavati lililotosha miaka 30 iliyopita halitoshi leo. Kutunza mali kwa sasa maana yake ni pamoja na kujiuliza, kila linapofika zamu ya kurekebisha, kama turudishe kitu kilekile au tukipanue.

Hapo nina mfano ninaoupenda: madaraja ya mawe. TARURA imeyajenga katika mikoa kadhaa, Kigoma ukiwa maarufu kwa hayo. Ni upinde wa mawe yaliyochongwa na mafundi wa hapohapo na kuunganishwa kwa saruji, bila nondo. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na daraja la zege la ukubwa huohuo. Kinachonivutia zaidi ni kinachotokea baadaye. Hakuna nondo ya kushika kutu. Jiwe likilegea, liko jingine mlimani. Na fundi aliyelijenga anaishi kijiji hicho, analipita kila akienda shambani. Daraja ambalo kijiji kinaweza kulitengeneza chenyewe ni mali tofauti kabisa na daraja linalosubiri vifaa kutoka Dar es Salaam.

Kisima kilichozinduliwa mara moja na kufa mara moja

Maji ya vijijini ndiyo yaliyotufundisha somo hili kwa uchungu zaidi. Wizara ya Maji ilipoorodhesha vituo vya kuchotea maji nchini mwanzoni mwa muongo uliopita, ilikuta karibu vinne kati ya kumi havitoi maji. Hivyo vyote viliwahi kuzinduliwa. Vyote viliwahi kupigiwa vigelegele.

Sababu mara nyingi ilikuwa kitu kidogo: kipuri cha pampu, dizeli iliyoisha, fundi aliyehama. Kamati ya maji iliweka bei ya ndoo iliyotosha kulipa mlinzi na mafuta, basi. Hiyo ni bei ya kuendesha. Bei ya kumiliki ina sehemu ya tatu, akiba ya siku pampu itakapokufa, na pampu zote hufa. Mwenyekiti wa kamati anayependekeza kupandisha ndoo kutoka shilingi 30 hadi 50 anajua atakavyopokelewa kwenye mkutano. Lakini asipopandisha, siku pampu ikifa watu watarudi mtoni, na mama atakayetembea kilomita 4 alfajiri ndiye atakayelipa tofauti hiyo kwa miguu yake.

Mitambo ya sola imepunguza gharama ya mafuta kwa kiasi kikubwa, na kwa sababu hiyo imezaa imani mpya kwamba sola ni bure. Jua ni bure. Paneli hupasuka na kuibiwa, mtambo wa kuongozea umeme huungua, pampu huzeeka vilevile. Kinachotakiwa ni kuchukua ile fedha iliyokuwa ikienda kwenye dizeli na kuiweka akaunti maalumu. Ikitumika yote kushusha bei ya ndoo, tumekula mbegu.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kuanzia 2015 serikali yao ya taifa ilikodisha vifaa tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, na kaunti zikawa zinakatwa fedha kila mwaka kulipia. Uchunguzi wa Seneti ulikuta baadhi ya hospitali zikiwa na mashine zisizofanya kazi kwa sababu hapakuwa na umeme wa kutosha, maji au wataalamu wa kuziendesha. Kaunti nyingine zilipokea kifaa ambacho tayari zilikuwa nacho. Kitu kizuri kilipelekwa mahali ambapo hakuna aliyeuliza kwanza: mna nini, mnakosa nini, na nani atakiendesha?

Kuhesabu, kisha kukagua

Swali hilo la "mna nini" hujibiwa na rejista ya mali. Tanzania ilipohamia kwenye viwango vya IPSAS vya uhasibu wa sekta ya umma, halmashauri zilitakiwa kuorodhesha na kuthamini mali zao zote, na sasa kuna mifumo ya kompyuta ya kuzitunza kumbukumbu hizo. Ni hatua kubwa. Kabla ya hapo kulikuwa na shule ambazo hata kiwanja chake hakikuwa na hati, na jirani alisogeza uzio wake mwaka hadi mwaka.

Lakini rejista nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mkaguzi. Zina namba ya mali, mwaka wa kununuliwa na thamani ya shilingi. Hazisemi kama paa linavuja. Mhasibu anaweza kupata hati inayoridhisha kwa rejista iliyokamilika huku nusu ya majengo yaliyomo yanakaribia kuanguka, na hajadanganya popote. Hati inayoridhisha inahusu hesabu kuandikwa sawasawa. Haihusu ukuta kusimama sawasawa. Wananchi wengi huchanganya hayo mawili, na hata baadhi ya madiwani.

Wahenga walituachia methali ya ufa na ukuta, na kila mtoto wa shule anaijua. Haituambii nani aliyepewa kazi ya kuutazama ukuta. Ndiyo kazi ya safu inayokosekana kwenye rejista, safu ya hali. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo kwa serikali za mitaa na serikali kuu kuhusu kutunza mali za miundombinu, na ukiuvua istilahi zake unabaki na ushauri wa bibi yeyote mwenye nyumba: tembea, tazama, andika, panga kipi kianze, weka akiba. Halmashauri isiyo na uwezo wa kukagua kila kitu ianze na vichache ambavyo vikianguka vitaua mtu au vitakata huduma kwa wengi: paa la darasa lenye wanafunzi, shimo la choo cha shule, wodi ya wazazi, kalavati la njia pekee ya kuingia kata.

Hapa nijibu hoja moja ninayoisikia sana, kwamba kilichojengwa kwa fedha za mfadhili kitatengenezwa na mfadhili. Mradi una tarehe ya kufungwa. Mkandarasi ana muda wa uangalizi, mara nyingi miezi 12, ambapo anawajibika kurekebisha kasoro zake. Siku muda huo ukiisha, kila ufa ni wa kwenu. Wachache huikumbuka tarehe hiyo, na ni hasara, kwa sababu mwezi mmoja kabla yake ndiyo nafasi ya mwisho ya kutembea jengo zima mkiwa na karatasi na kumrudisha mkandarasi kwa gharama zake mwenyewe. Kamati ya ujenzi ya kijiji inaweza kufanya hivyo bila mhandisi kwa mambo mengi: mlango unafunga? Bomba linavuja? Maji yanasimama upande gani mvua ikinyesha?

Na mradi mpya unapoletwa, kabla makofi hayajapigwa, kuna swali ambalo diwani ana haki ya kuliuliza kwenye baraza: kwa mwaka, kitu hiki kitatugharimu kiasi gani kukiendesha na kukitunza, na fungu lake ni lipi? Kama hakuna fungu, bado mradi unaweza kukubaliwa. Lakini ukubaliwe kwa macho mawili, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili miaka mitano baadaye mtu asiseme hakujua.

Kwa ngazi ya shule au zahanati, daftari la shilingi elfu moja linatosha kuanza. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

Darasa la Nne B. Limejengwa 2004, nguvu za wananchi na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi). Bati: mawili yameinuka, kona ya kaskazini. Kenchi: mchwa kwenye mguu wa pili, dawa haijapigwa. Ukuta wa magharibi: ufa, urefu wa mkono mmoja, umewekwa alama ya penseli kila upande na tarehe. Gata: hakuna, maji yanachimba msingi. Amekagua: mjumbe wa kamati na mwalimu wa zamu. Kianze: bati na mtaro wa nyuma, kabla ya vuli. Fundi: wa hapa kijijini. Kurudi kupima ufa: Januari 10.